UZI: Sola za plastiki zinazochapishwa kama fulana, na ile harufu ya thina

#1 Mwalimu_Tororo

Jamani habari za jioni. Niliahidi hapa tangu mwezi uliopita kwamba ntaandika kuhusu sola za plastiki nikawa naahirisha tu, leo yaka (mita yetu ya umeme wa kulipia kabla) ina yuniti na watoto wamelala, basi tukae, ni ndefu kidogo.

Kabla sijawa mwalimu wa kemia mi nilikuwa kijana wa kuchapisha kwa skrini pale Nasser Road, Kampala, mtaa wa wachapishaji. Wanaopajua wanapajua. Kachumba kamoja ghorofa ya pili, dirisha moja linatazama ukuta wa jirani, meza ya kuchapisha fulana na stika, na pembeni kopo la thina la kusafishia meshi. Unachovya kitambaa, unafuta, unachovya tena, kutwa nzima. Ikifika saa kumi jioni kichwa kinabana kama umefungwa mkanda, macho yanawasha, hata chakula hakina ladha. Bosi alikuwa anasema kunyweni maziwa. Tulikunywa maziwa. Mwenzangu niliyekuwa nashika naye fremu moja alianza kukohoa mwaka wa pili, akarudi kwao na hakugusa tena kazi ya wino.

Miaka ikapita, nikapata nafasi ya mwaka mmoja kwenye maabara nje ya nchi, watu wanaotengeneza seli za sola za polima, yani za plastiki. Siku ya kwanza napewa kichupa cha kahawia, ndani wino wa bluu iliyoiva karibu na nyeusi, naambiwa dondosha matone mawili katikati ya kipande hiki cha kioo, bonyeza kitufe. Kioo kikazunguka kama pia, wino ukaruka pembeni, kikabaki kitu kama kivuli cha bluu, chembamba mno, ukikiinua unaiona taa ya dari upande wa pili. Hicho kivuli ndo kinachogeuza mwanga kuwa umeme. Nikauliza humu ndani kinachoyeyusha ni nini, wakaniambia klorobenzini, kiyeyushi chenye klorini. Yote hayo yanafanyika ndani ya boksi la kioo lenye glavu ndefu, limejazwa naitrojeni, hakuna anayenusa chochote. Nikawaza, siku hii kitu ikitoka humu ikawafikia vijana wa Nasser Road, hilo boksi halitakuja nayo.

Sasa hilo ndo linaniuma na ndo nataka tuongee. Watu wakizungumzia sola za plastiki wanaongea ufanisi, yani asilimia ngapi ya mwanga inakuwa umeme, nani kavunja rekodi. Mi nasema polima yenyewe inatakiwa ibuniwe tangu mwanzo ikijua itayeyushwa na nini na nani atakuwa amesimama juu ya huo wino akiuvuta puani.

Niwaeleze kwanza inavyofanya kazi. Tumefundishwa plastiki haipitishi umeme ndo maana waya umevishwa plastiki, na ni kweli kwa kaveera (mfuko wa plastiki) na jerikeni. Lakini zipo polima ambazo uti wake wa mgongo una vifungo vinavyopishana, kimoja cha mkono mmoja, kinachofuata cha mikono miwili, hivohivo mpaka mwisho, na elektroni zinaweza kutembea juu ya huo uti. Hadithi yake naipenda sana, kwenye maabara ya Shirakawa kule Japani mtu alikosea akaweka kichocheo mara elfu moja ya kiasi kinachotakiwa, ikatoka ngozi inayong'aa kama fedha badala ya unga mweusi. Hawakuitupa. Mwaka 1977 Shirakawa na wanasayansi wenzake MacDiarmid na Heeger wakaonyesha ukiipa hiyo ngozi iodini kidogo inapitisha umeme mamilioni ya mara kuliko mwanzo, na mwaka 2000 wakapewa Nobel ya kemia.

Kwenye sola shida ni nyingine. Silikoni ikipigwa na mwanga elektroni inaachiliwa mara moja, iko huru. Kwenye plastiki haiachiliwi. Inabaki imefungwa na lile tundu iliyoliacha, kama ndama na mama yake, ukimvuta mmoja mwingine anafuata. Hao wawili pamoja wanaitwa eksitoni. Wanatembea nanomita 10 hivi (nanomita moja ni milimita moja ukiigawa mara milioni) halafu wanakufa, nguvu inaisha kama joto, umepoteza. Kwa hiyo ndani ya hizo nanomita 10 lazima wakutane na kitu cha pili kinachopenda elektroni zaidi, kimpokonye ndama. Ndo maana wino una vitu viwili vimechanganywa, polima inayotoa na molekuli inayopokea, na mchanganyiko wenyewe lazima uwe wa kiasi. Vikichanganyika kupita kiasi kama chumvi na maji, elektroni inakosa njia ya kutokea. Vikijitenga kama mafuta na maji, eksitoni inafia njiani. Unataka kitu kama mizizi miwili iliyosokotana, kila mmoja una njia yake mpaka upande wake.

Na anayeamua hiyo misokoto ikaeje ni kiyeyushi. Hapo ndo utamu ulipo, ngoja niweke chai nirudi.

#2 SolaArua

Mwalimu heshima yako. Nakusoma kwa makini lakini naomba niulize kabla hujaenda mbali. Mi nauza paneli hapa Arua, paneli ya silikoni mteja akiitunza inakaa zaidi ya miaka 20, na bei inashuka kila siku. Hiyo plastiki inakaa muda gani? Kama ni miaka miwili mitatu mi siwezi kumuuzia mama wa sokoni kitu kama hicho akarudi kunilaumu.

#3 Mwalimu_Tororo

Ndugu yangu wa Arua umeuliza swali la haki na ntakujibu bila kuzunguka. Kwa paa la mabati, muuzie silikoni. Mi mwenyewe nyumbani nina silikoni. Hapa Tororo tuna kile kituo cha sola cha megawati 10 kilichowashwa 2017, na wenzetu wa Soroti wana chao cha megawati 10 cha 2016, zote hizo ni paneli za kawaida za kioo na sidhani plastiki itaziondoa pale.

Paneli za dukani kwako zinatoa asilimia 20 na kidogo juu. Seli za plastiki kwenye maabara zimeshapita asilimia 20 pia, lakini hizo ni vipande vidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Ukipanua mpaka ukubwa wa daftari inashuka, moduli, yani seli nyingi zilizounganishwa, ya sentimita mraba 204 iliyoweka rekodi Ujerumani mwaka 2023 ilifika asilimia 14.46. Na umri ndo bado unasumbua, mwanga na hewa na maji vinakula polima, kwa hiyo hujakosea.

Lakini angalia uzito. Kioo na fremu ya alumini ndo uzito wa paneli yako. Paa la nyasi halibebi hiyo kitu, hema la mkimbizi kule Bidibidi halibebi. Plastiki inakunjwa, inashonwa kwenye turubai, inabandikwa kwenye dirisha na mwanga mwingine unapita. Ndani ya nyumba chini ya taa inafanya vizuri kabisa kwa vitu vidogo vya kupima joto na kadhalika. Wadenmaki waliwahi kuchapisha seli za polima wakaziweka kwenye taa za kusomea wakazipeleka vijijini Zambia kuzijaribu, mwaka 2010 wakaandika matokeo. Na ukifika Addis Ababa kwenye jengo la amani na usalama la Umoja wa Afrika, lile lenye jina la Mwalimu Nyerere, kuna sola za plastiki za kuona upande wa pili zimewekwa juu kwenye umbo la ramani ya Afrika. Mi picha yake tu ilinitoa machozi.

Kuna nyingine. Mnakumbuka hizi sola za kulipa kidogokidogo kwa simu? Mojawapo ya kampuni zilizoanzisha huo mtindo Kenya mwaka 2011 kwa kadi za kukwangua ilitoka Cambridge, ikiitwa Eight19, na ilianzishwa ili kutengeneza sola za plastiki. Jina ni dakika 8 na sekunde 19, muda wa mwanga kutoka juani kufika kwetu. Paneli walizouza wakati huo zilikuwa za kawaida, plastiki ilikuwa bado haijaiva. Yani huduma ilifika kijijini kabla ya kemia.

#4 Skrini_Kla

Mwalimu umenigusa. Mi niko Nasser Road mpaka leo, mwaka wa 11. Ulivoandika kuhusu kichwa kubana saa kumi nimeacha kazi nikakaa chini. Endelea na kiyeyushi tafadhali.

#5 Mwalimu_Tororo

Pole sana ndugu, fungua hilo dirisha hata kama linatazama ukuta.

Haya. Polima hizi ni ngumu kuyeyuka, uti wake ni bapa na mgumu, zinalaliana kama chapati zilizopangwa. Ili ziyeyuke unaziwekea mikia pembeni, minyororo ya kaboni ya kawaida, mingine ina matawi. Mkia haupitishi umeme, kazi yake ni kushikana na kiyeyushi tu. Ukiweka mkia mfupi polima inakuwa unga usioyeyuka, ukiweka mrefu inayeyuka vizuri lakini uti mmoja unasukumwa mbali na mwingine na umeme unapita kwa shida. Mtu anaweza kukaa miaka mitatu ya masomo anabadilisha mkia tu, kaboni mbili huku, tawi moja kule.

Sasa vinavyoyeyusha vizuri kuliko vyote ni vile vyenye klorini. Kloroformu inachemka nyuzi 61, ukiimwaga inakimbia haraka kabla vile vitu viwili havijapata muda wa kujitenga, misokoto inagandia palepale ikiwa midogo. Ni tamu mno kwa mtafiti. Ila ni sumu kwa ini, na ukitaka kuchapisha mita 100 inakaukia kwenye mdomo wa mashine kabla haijafika kwenye filamu. Klorobenzini inachemka 132, inachapika, lakini nayo si kitu cha kukaa nacho chumbani.

Basi wakasema tuhamie zailini, haina klorini, inachemka 138 mpaka 144 kutegemea aina. Karatasi nyingi za kitafiti zinaiita kijani, yani rafiki wa mazingira. Na hapa ndo niliposimama kwenye kikao cha maabara nikasema kitu, maana zailini naijua. Zailini iko kwenye thina. Ile iliyokuwa inanibana kichwa Nasser Road, ile iliyokuwa kwenye kopo letu, ndo hiyo wanaiita kijani. Ni afadhali kuliko klorini, nakubali, lakini afadhali kwa nani? Kwa kiwanda chenye mifereji ya kunyonya hewa, sawa. Kwa kachumba ka ghorofa ya pili bado ni sumu. Kulikuwa kimya kidogo halafu profesa akasema basi tuandike kwenye ubao wino uwe salama kwa mtu asiye na boksi la glavu. Ule ubao nimeupiga picha ninayo mpaka leo.

Ukihama kutoka kloroformu kwenda kitu kinachokauka polepole polima ileile inakuharibikia, inapata muda mrefu wa kujipanga, inafanya mabonge. Ndo maana nasema huwezi kuchukua polima ya rekodi ukabadilisha kiyeyushi ukategemea muujiza, unabuni upya. Njia moja ni kuingiza kipande cha tatu kwenye uti hapa na pale bila mpangilio, ili usilaliane sana. Ya pili ni kudhibiti urefu wa mnyororo, mfupi sana umeme haupiti, mrefu sana wino unakuwa kama uji wa jana. Na kuna ambazo zinajishika kidogo zikiwa bado kwenye wino, ukipasha moto zinaachana, ukichapisha kwenye joto sahihi zinashikana kwa kiasi unachotaka. Hizo nazipenda kwa sababu unamiliki misokoto kwa joto la meza, huhitaji dawa ya kuongeza. Dawa yenyewe, ile yenye iodini wanayoweka tone moja kurekebisha, inabaki ndani ya filamu na mwanga ukiipiga inaanza kula seli. Ndugu wa Arua ulipouliza umri, sehemu ya jibu iko hapo.

#6 DadaJinja

Mwalimu shikamoo. Samahani naingilia. Niliwahi kusikia kuna kiyeyushi kinatokana na makapi ya miwa, na huku kwetu Kakira kwenye kiwanda cha sukari makapi ni milima. Ni kweli au ni maneno ya watu?

#7 Mwalimu_Tororo

Marahaba dada. Ni kweli. Makapi ya miwa na magunzi ya mahindi yana sukari fulani ya kaboni tano, ukiyapika na asidi unapata furfurali, kimiminika chenye harufu kama ya lozi, na kutoka hapo wanafika kwenye kiyeyushi kinaitwa metili-tetrahidrofurani. Kinachemka nyuzi 80. Seli nzuri tu zimeshachapishwa nacho. Makapi ya Kakira saa hii yanachomwa kwenye boila yanatoa mvuke na umeme mpaka mwingine unauzwa kwenye gridi, kwa hiyo si kwamba yamelala bure. Lakini kwa sola utaona baadae mahitaji ni madogo mno, hutakula mlima wenu.

Ila nisikudanganye, kutoka kwenye mmea si sawa na salama. Hicho kitu kinashika moto haraka, na kikikaa muda mrefu kwenye hewa kinatengeneza peroksaidi zinazoweza kulipuka, lazima kitunzwe kwa akili. Faida yake ni kwamba hakitoki kwenye mafuta ya ardhini na hakina klorini. Mi ningekichukua kuliko zailini, nikiwa na dirisha.

#8 Skrini_Kla

Mwalimu mbona unazunguka mbali, sisi huku wino wa maji upo. Fulana nyingi siku hizi nachapisha kwa wino wa maji, nasafisha meshi kwa bomba na sabuni, jioni naenda nyumbani kichwa kizima. Hao wa sola kwa nini wasitumie maji?

#9 Mwalimu_Tororo

Hilo ndo swali ninalolisubiri tangu nianze uzi!

Wanajaribu, kwa njia mbili ninazozijua vizuri. Ya kwanza ni kama maziwa. Maziwa ni mafuta yaliyovunjwa vitone vidogo yakaelea kwenye maji. Unachukua polima na mwenzake, unayeyusha kwenye kloroformu, unamwaga kwenye maji yenye sabuni, unapiga kwa mawimbi ya sauti mpaka vitone viwe vya nanomita makumi kadhaa, unapasha moto kloroformu inaondoka, unabaki na wino wa maji wenye chembe za sola. Unachapika hewani. Tatizo ni sabuni, inabaki katikati ya chembe inazuia umeme, sawa na fulana isiyosuuzwa vizuri. Na kloroformu haijaondoka kwenye hadithi, imehamia tu nyumba ya nyuma. Kuna toleo jingine bila sabuni, unamwaga polima kwenye pombe au maji kwa ghafla inajikunja yenyewe kuwa chembe, hilo naliamini zaidi.

Ya pili inaanzia kwenye polima yenyewe. Badala ya mkia wa kaboni tupu unaweka mkia wenye oksijeni kila baada ya kaboni mbili, mkia unaopenda maji na spiriti. Basi polima inayeyuka kwenye etanoli, yani spiriti, hata etanoli na maji. Niliwahi kuishika mojawapo. Jioni moja nilisafisha bomba la sindano la wino kwa spiriti ileile ya hospitali, bila glavu boksi, dirisha wazi, nikanusa, harufu ya zahanati tu. Nilisimama pale nikamkumbuka yule mwenzangu wa fremu. Seli zake hazikuwa za rekodi, hata karibu yake hazikufika, maana mkia unaopenda maji unayavuta pia yakiwa hewani, na kwenye unyevu wa Ziwa Victoria hiyo si habari njema. Lakini mkono wangu haukuwasha na kichwa hakikubana.

Kuna wazo jingine zuri, mkia unaokatika. Unachapisha polima ikiwa na mkia, halafu unapasha moto, mkia unakatika unaruka kama mvuke, unabaki uti mtupu mgumu usioyeyuka tena hata ukimwagia kitu. Watu walifanya hiyo lakini za mwanzo zilitaka nyuzi 200 hivi na filamu ya plastiki unayochapishia inajikunja kabla haijafika huko. Kupata mkia unaokatika kwenye nyuzi 120, kwangu hiyo ingekuwa na thamani kuliko asilimia moja ya ufanisi.

#10 MsomiGulu

Naheshimu kazi ya mwalimu ila nina pingamizi. Mnaongea kiyeyushi cha kuchapishia tu. Polima yenyewe inapikwaje? Nilisoma kwamba wanatumia bati yenye sumu na paladiamu. Kama jikoni ni chafu, kusifu sahani ni kazi bure.

#11 Mwalimu_Tororo

Umesema kweli kabisa na nakushukuru. Twende na hesabu kidogo.

Tabaka la kufanyia kazi ni nanomita 100. Mita moja mraba kwa unene huo ni sentimita za ujazo 0.1, yani gramu 0.11 hivi ya polima na mwenzake wakiwa pamoja. Gramu moja inafunika mita mraba 9. Wino wa miligramu 20 kwa mililita maana yake mita moja mraba inataka mililita 5.5, kijiko cha chai. Sasa chukua kituo kama hiki chetu cha Tororo, megawati 10, tuseme ufanisi ni asilimia 10 tu, jua kali linaleta wati 1,000 kwa mita mraba kwa hiyo unapata 100, unahitaji mita mraba 100,000. Kilo 11 za wino mkavu, lita 550 za kiyeyushi. Mapipa matatu hayajai! Hiyo ni kwa mashine inayopaka bila kumwaga, kile kioo cha kuzunguka nilichowaeleza kinarusha zaidi ya tisa ya kumi pembeni.

Kwa hiyo ndugu wa Gulu uko sahihi zaidi hata ya ulivyodhani, kiyeyushi kingi kinaishia jikoni, kwenye kupika na kusafisha polima, hatua kumi na zaidi kwa baadhi ya hizi za rekodi. PM6 kwa mfano, polima maarufu kuliko zote, iliyofunga ndoa na molekuli ya Y6 mwaka 2019 ikatoa asilimia 15.7 dunia nzima ikashtuka, inaunganishwa kwa njia ya bati, na ina florini. Gramu inauzwa mamia ya dola au zaidi. Ndo maana mi moyo wangu uko kwa PTQ10. Imetoka kwa kikundi cha Yongfang Li China mwaka 2018, uti wake ni vipande viwili rahisi, inapikwa hatua mbili tu kutoka kwenye malighafi za kawaida na mavuno yakafika asilimia 87.4, na mwaka uleule ikatoa asilimia 12 na ushee. Bado ina florini na hatua ya mwisho bado inatumia bati, sifichi. Lakini inaonyesha mtu akikaa akafikiria jikoni kabla ya rekodi inawezekana. Na ipo njia ya kuunganisha moja kwa moja kaboni kwa kaboni bila bati, shida yake ni uti unapata makosa, tawi linaota pasipotakiwa, lakini inaboreka kila mwaka.

Nikipewa mezani polima ya asilimia 19 ya kloroformu yenye hatua 12, na nyingine ya asilimia 12 ya spiriti yenye hatua 3, nachukua ya pili bila kufikiri mara mbili. Najua wengi hamtakubaliana.

#12 SolaArua

Mi sikubaliani mwalimu, mteja wangu anahesabu wati. Ila hapo kwa vijiko vya chai umenifungua macho.

#13 Mwalimu_Tororo

Ni haki yako ndugu, na wewe ndo unayekutana na mteja. Nikileta cha kukuonyesha utakipima mwenyewe kwa mita yako.

#14 BintiMbale

Habari mwalimu, mi niko S6 (kidato cha sita), nasoma kemia na fizikia. Huku hatuna hizo polima wala mashine. Naweza kuanzia wapi?

#15 Mwalimu_Tororo

Mwanangu anzia kwa machungwa. Si mzaha. Wiki jana nimefanya na darasa la S4. Nilinunua machungwa ya Teso pale stendi, nikachukua yale makopo meupe mepesi ya kubebea chakula, nikamwambia kila mtoto akunje ganda la chungwa juu ya kipande mpaka yale mafuta yaruke. Pale yalipoangukia, kopo likazama, likaanza kulegea kama barafu, mmoja akapiga kelele banange linayeyuka! Halafu wakafanya hivohivo kwa maji, hakuna kitu. Kwa spiriti, hakuna kitu. Kisha wakachukua kipande cha kaveera, wakakamulia chungwa, hakuna kitu.

Nikawaacha wabishane dakika kumi kwa nini. Kopo ni polistirini, pete za kaboni pembeni, mafuta ya chungwa ni limonini, vinapendana. Kaveera ni polithini, minyororo imelaliana imejipanga, limonini haipati pa kuingilia kwenye joto la chumba. Hiyo ndo kazi nzima niliyoieleza hapa juu, ni nini kinapenda nini na kwa nini. Na limonini yenyewe watu wameshaijaribu kama kiyeyushi cha sola, inachemka 176 kwa hiyo inakauka polepole mno, lakini Soroti maganda yako mengi.

Wewe chukua daftari, andika meza yenye plastiki tano na vimiminika vitano, jaza. Fanyia nje, mbali na moto. Ukimaliza nitumie picha.

#16 Skrini_Kla

Mwalimu nina meshi ya nyuzi nyembamba kabisa, ile ya kuchapishia kadi, haijatumika. Na fremu mbili. Ukija Kampala pita uchukue za darasa, nitakuwekea.

#17 Mwalimu_Tororo

Nakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi na basi la asubuhi. Nitakuja na ule wino unaopitisha umeme wa kuyeyushwa kwa maji, wa bluu hafifu, nilibaki nao chupa moja kwenye friji. Tuchapishe mstari mmoja hapo mezani kwako tuupime. Na lile kopo la thina siku hiyo liweke nje kwenye korido.